Lugha ya Benki katika Simu: Neno kwa Watakaoiandika Kigali

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, maandishi ya programu za benki katika simu yametuhusu sisi walimu pia. Benki ya Equity, yenye asili ya Kenya, ina matawi Kigali. Basi atakayemwandikia mkazi wa Biryogo au Nyamirambo, mitaa iliyozoea Kiswahili tangu enzi ya ukoloni, atashawishika kuazima maneno ya Nairobi. Na ayapime kwanza.

Mengine ni mazuri. "Salio" limetokana na kusalia, nalo hufahamika mara moja. Lakini Wakenya huambiwa "Lipa na M-Pesa", hali Watanzania huambiwa "Lipa kwa M-Pesa". Sarufi sanifu hutaka "kwa" panapotajwa chombo. Mwanafunzi angeandika "na" angepigiwa mstari mwekundu.

Hata hivyo, kosa hilo halimpotezei mtu fedha. Linalonitia shaka ni "Fuliza", huduma ya Safaricom iliyozinduliwa mwaka 2019. Humwezesha mteja kulipa zaidi ya salio lake, na kile kilichozidi ni mkopo wenye ada. Kufuliza ni kutenda bila ya kukoma. Jina ni tamu kulitamka, ila limenyamaza kabisa juu ya deni. Ndivyo lilivyo na "M-Shwari" la mwaka 2012, huduma ya akiba na mikopo: shwari ni utulivu wa bahari, na mkopaji hajui bahari itakuwaje siku ya kulipa. Heri kitufe kiseme "Kopa", na chini yake ziandikwe ada na tarehe ya kulipa.

Yako pia maamkizi. Programu hizi hujisifu kwamba zinamjua kila mteja, kisha humwita kwa jina tupu. Mwalimu mstaafu aamkiwe na mashine kama mtoto aliyetumwa dukani! Nchini Rwanda ugumu unazidi, kwani jina la Kinyarwanda kwa kawaida ni la mtu mwenyewe, si la ukoo, na mara nyingi hutangulia lile la dini. Mashine ikichagua kwa desturi ya Kizungu, huenda ikamwita mtu kwa jina asiloitwa hata nyumbani kwake. Tukitanguliza "Bwana" au "Bibi", itabidi ijue kama ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo viambishi vyetu havilihitaji. "Ndugu" lingefaa, au mteja aulizwe siku ya kwanza, "Tukuite nani?", na jibu lake lihifadhiwe kama alivyoliandika.