Mvule wa Nouméa

Msomaji aliyekwisha kuziona picha za Kituo cha Utamaduni cha Jean-Marie Tjibaou, kilichofunguliwa Mei 1998 katika rasi ya Tinu, nje kidogo ya mji wa Nouméa huko Kaledonia Mpya, hahitaji kuelezwa habari za zile nyumba 10 zilizojipanga ufukweni kama matenga yaliyoachwa kabla ya kumalizwa kusukwa, wala hana haja ya kukumbushwa sifa alizomiminiwa msanifu wake, Mtaliana Renzo Piano, ambaye mwaka ule ule alitunukiwa tuzo ya Pritzker. Nyingi katika sifa hizo nami nazikubali. Walakini ipo amri moja iliyopitishwa katika ujenzi ule ambayo kila niitazamapo naiona kuwa ni kosa la dhahiri, lisilo tashwishi, nayo ni amri ya kuagiza mvule.

Naam, mvule, wa nasaba moja na huu tuchongeao milango na vitanda. Mbao zilitolewa Afrika, zikagandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka katika viwanda vya Ufaransa hata zikawa mbavu zilizopinda, kisha mbavu hizo zikapakiwa melini kwenda kushushwa kisiwani, mahali ambapo toka Paris, hata kwa njia ya ndege, ni zaidi ya kilomita 16,000. Hoja ya wahandisi naijua: mvule hauliwi na mchwa, hauozi upesi, hautaki rangi, na ukipigwa na jua na chumvi hugeuka kijivu chenye mng'ao wa fedha, ukafanana na mashina ya minazi iliyouzunguka. Hoja hii kwa ubao ni sahihi, lakini kwa nyumba iliyojengwa ili kuhifadhi mila ya watu ni batili.

Kwa kuwa nyumba kuu ya Wakanak, wenyeji wa asili wa kisiwa kile, ambayo kituo chajinasibisha nayo, ina nguzo ya kati iliyo mfano wa chifu, na nguzo za pembezoni zilizo mfano wa koo zinazomzunguka, na magome ya mti wa mniauli ya kuzuia joto, na ezeko la nyasi, na viungo vyote vimekazwa kwa kamba za mitambaazi. Na nyumba ya namna hiyo haikudumu karne kwa karne kwa sababu mti wake haufi, bali kwa sababu kila ezeko lilipochakaa na kila kamba ilipolegea watu waliitwa, na kijana akasimama chini ya mzee akaonyeshwa fundo linavyopigwa. Elimu ya nyumba hukaa katika ukarabati wake. Sasa tazama nyumba za Tinu: mguu wa kila ubavu umefungwa katika kiatu cha chuma cha kusubu, ubavu wenyewe ni gundi na mbao, na siku utakapopata ila, mzee ajuaye mafundo hana la kufanya ila kuketi na kungoja barua ya kiwandani. Jengo lisilowataka wenyeji walitengeneze limewafanya wageni katika jambo lililokuwa lao.

Watetezi watasema kwamba mti wa kisiwani haukufaa kwa mbavu za jengo ambalo nyumba yake ndefu kuliko zote yapata mita 28. Huenda. Ila mimi nauliza, ni nani aliyeamuru mita 28? Kipimo hicho ni cha mashindano ya ramani, wala si cha kijiji. Na hapa wasomaji wangu wa kale watanivumilia nikirudia ghaidhi yangu juu ya majaji wa mashindano hayo, ambao huhukumu kwa mifano ya mezani na kuvutwa na kirefu kuliko kifaacho. Urefu ulichaguliwa kwanza, mti ukatafutwa baadaye, nao ulipokosekana karibu ukatafutwa ng'ambo ya dunia. Fundi wa Lamu alianza upande wa pili: alijua boriti ya mkoko humfikisha wapi, aghalabu isizidi sana mita 3, akakifanya chumba kuwa chembamba na kirefu, akajenga kuta kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kutokana na udhia huo ikatoka nyumba ambayo mpaka leo mgeni huistaajabia.

Na Hassan Fathy, msanifu wa Kimisri ambaye sichoki kumtaja, alipoanza kuijenga Gurna Mpya mnamo 1945, mkabala na Luxor, alitafuta waashi wa Aswan waliojua kuinua kuba za Kinubi kwa tofali za udongo bila kalibu ya mbao, akawajengea wanakijiji msikiti, soko na hata ukumbi wa tamthilia kwa udongo waliokuwa wakiukanyaga. Ni kweli watu wa Gurna wengi walikataa kuhamia huko. Lakini walikataa kuyaacha makao yao ya zamani juu ya makaburi ya kale, na dhambi hiyo haiwezi kutwikwa udongo.

Insafu yanidai niseme kwamba luva za Tinu, zinazofunguka na kufungika kulingana na nguvu ya upepo utokao kusini-mashariki, ni kazi ya ustadi mkubwa, na kwamba Wakanak walishauriwa, na mtaalamu wa mila Alban Bensa akawa ubavuni mwa msanifu; lakini ustadi na ushauri huo haviondoi kosa la mvule.

Basi kamati zinazokusudia kujenga nyumba za utamaduni katika miji yetu ya pwani, ambazo nyingi nahofu zimekwisha kuvutiwa na vioo na viyoyozi, na zimwulize msanifu, kabla ya bei na kabla ya picha, mti wake unakatwa wapi na fundi wa kuukarabati anakaa mtaa gani. Na akikosa jibu la swali la pili, ramani hiyo na irudishwe.