Mgongo wa Kung'aa Ndio Uliowaponza

Mlioketi mbele Jumamosi ile kikundi kilipopiga hapa Voi mlijionea wenyewe. Wimbo wa pili, ubeti wa kwanza, mwimbaji akapotea. Midomo inacheza, maneno hayafiki. Watu wakamgeukia fundi wa mitambo, naye maskini akapunguza hiki akaongeza kile, wapi! Mimi simlaumu hata kidogo. Kosa halikufanyika jukwaani. Lilifanyika dukani Nairobi, siku kikundi kilipowekewa banjo mbili mbele yake, moja iliyo wazi nyuma na nyingine yenye rezoneta, yaani mgongo wa mbao unaoifunika nyuma, bei zikikaribiana, kikachukua ya rezoneta na kupanda nayo treni kurudi nyumbani.

Nilimuuliza mmoja wao sababu. Akanijibu kwamba ile ya wazi ilionekana kama haijamalizwa. Ukiigeuza unaona mbao za ndani, unaona fimbo ya chuma inayoishika shingo, unaona upande wa chini wa ngozi. Hii nyingine ina mgongo wa mbao uliopigwa vanishi hadi unajiona uso, na ukingo wa chuma unaometameta. Pesa zilikuwa za mchango wa wanachama, na mhazini alitaka kitu ambacho kila aliyetoa akikitazama ataona shilingi yake ilikoenda. Hofu hiyo naielewa. Anayebeba pesa za watu hulala jicho moja wazi. Hata hivyo uamuzi ulikuwa mbaya, na ubaya wake haukuanza wala kuishia kwenye ule wimbo wa pili.

Tufuate hizo pesa. Kiwanda kinachotengeneza banjo ya bei ya chini kina kiasi kilekile cha kutumia, iwe na mgongo au isiwe nao. Rezoneta inagharimu. Ukingo wa chuma unagharimu, na skrubu zake, na kile kipande cha kuegemeza mkono. Ili bei isipande, lazima kitu kipunguzwe, na hupunguzwa kile ambacho mnunuzi hatakiangalia: duara la mbao linalobeba ngozi, funguo za kukazia nyuzi, umaliziaji wa freti. Banjo ya wazi haina pa kuficha. Kilichomo ndani ndicho unachokiona, na kwa bei ileile hela nyingi zaidi huwa zimekwenda kwenye sehemu zinazotoa sauti.

Baada ya onyesho niliomba niishike. Niligonga ngozi kwa ncha ya kidole karibu na kila ndoano inayoikaza, nikizunguka duara lote. Upande wa shingo ilijibu kali na safi. Upande wa chini ilijibu kama karatasi iliyolowa. Maana yake ndoano hazikuwa zimekazwa sawasawa, na ngozi ya namna hiyo haiwezi kutoa noti moja iliyo kamili. Hilo linarekebishika. Lisilorekebishika bila kununua kifaa kingine ni ufunguo wa uzi wa tano. Ni kigingi kinachoshikilia kwa msuguano tu, hakina gia. Ukikilegeza kinateleza, ukikikaza hakigeuki. Ndiyo sababu mlimwona kijana anayeipiga akiinama kila wimbo ukiisha kuutafuta uzi ule upya, na kufikia wimbo wa tatu bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kwa uzito wa mgongo asiouhitaji.

Sasa linganisheni na Goodtime ya Deering, kampuni ya California iliyoanza 1975. Ile ya wazi ina duara la mbao ya maple la inchi 11, ndoano 16 tu, funguo zote zina gia, na uzito wake haufiki kilo mbili. Kumi na sita! Nawajua watu wanaohesabu ndoano dukani wakidhani nyingi ndiyo ubora. Ndoano kazi yake ni kuivuta ngozi ikaze sawa, basi. Kwa mfuko mdogo zaidi ipo AC-1 ya Gold Tone, ambayo duara lake si la mbao kabisa, ni la plastiki ngumu, na bado ningeichagua mbele ya ile ya Voi bila kufikiri mara mbili, kwa sababu funguo zake zinashika na shingo yake ni ya mtu anayetaka kupiga. Ukiongeza usafiri na VAT ya asilimia 16 si za bure, lakini kikundi kilichoweza kununua kile kilichonunuliwa hakikuwa mbali nazo.

Mtetezi atasema rezoneta inaongeza sauti. Inaongeza, ndiyo, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ilishika sana miaka ya 1920 huko Marekani, wakati banjo iliposhindana na tarumbeta kwenye kumbi zisizo na maiki. Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya Bill Monroe mwaka 1945, akipiga kwa vidole vitatu vilivyovishwa kucha za bandia, rezoneta ilikuwa mahali pake hasa: sauti kali, inayorushwa mbele, noti juu ya noti. Sasa sisi tuna maiki kwa kila mtu, spika mbili kubwa kama kabati, na kinanda juu yake. Ukali ule unaangukia masafa yaleyale ya juu yanayobeba konsonanti za mwimbaji. Mwimbaji wa Kidawida au Kiswahili akinyang'anywa konsonanti anabaki na irabu tupu, na ndicho mlichokisikia.

Tena rezoneta haiendani na mkono wa kijana yule. Anapiga kwa gumba na kidole cha shahada, mkono wa wazee wetu wa gita kavu. Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey kule Katanga mwaka 1952 akiwa na gita moja, na hadi leo wapigaji wanabishana vidole viwili vinawezaje kutoa yote yale. George Mukabi, aliyefariki 1963, aliwatosheleza wasikilizaji wake kwa gita na chupa ya Fanta. Mkono huo unahitaji chombo kinachojibu mguso mwepesi na kunyamaza upesi, ili gumba lisikike peke yake na kidole peke yake. Banjo ya wazi ndiyo kazi yake. Wajola wa Gambia na Senegal, wenye akonting ya kibuyu na ngozi ambayo ni ndugu wa karibu wa mababu wa banjo, huuachia gumba uzi mfupi na kidole kimoja kikapiga zilizobaki. Na Fadhili William Mdawida, mtoto wa Taita, aliporekodi "Malaika" na Jambo Boys mwaka 1960, gita lilijua kukaa chini ya sauti ya mtu. Sijamsikia mpigaji wa siku hizi katika kaunti hii anayelijua hilo vizuri kama wao.

Mengine kikundi kilifanya sawa: tyuning ya G ilikuwa safi kwenye nyuzi nyingine nne, daraja lilikaa mahali pake, na nyuzi walizochagua ni nyepesi inavyofaa.

Nimeambiwa pia walihofia hali ya hewa, kwamba chombo kilicho wazi kitaharibika kikipanda kutoka joto la Voi hadi ukungu wa Wundanyi. Hofu hiyo ina asili yake. Gambusi za pwani zilivaa ngozi ya mnyama, na ngozi ya mnyama hulegea hewa ikiwa na unyevu. Lakini tangu miaka ya 1950 ngozi za ngoma na banjo zimekuwa zikitengenezwa kwa plastiki, na plastiki haijali ukungu. Kinachojali ni shingo, na shingo iko nje kwa banjo zote mbili. Walichopaswa kuangalia dukani ni kama ndani ya shingo ile kuna fimbo ya kuinyoosha ikipinda, na kuitazama kwa jicho moja kutoka kichwani hadi kwenye duara. Hakuna aliyeitazama.

Sasa wafanyeje, maana pesa imekwisha kutoka? Wautoe ule mgongo. Kwenye banjo hii umeshikwa na skrubu nne za kugeuza kwa vidole. Wakaze ndoano kwa zamu, hii na inayoielekea upande wa pili, robo mzunguko kwa robo, mpaka kidole kisikie jibu moja kote. Wapachike kitambaa kidogo kati ya fimbo ya chuma na ngozi kuua mlio wa ziada. Wanunue ufunguo mmoja wenye gia kwa uzi wa tano. Chuma cha ukingoni kitabaki na uzito wake, hilo wavumilie. Wanapiga tena Mwatate, na yote haya ukiacha huo ufunguo ni kazi ya jioni moja.