Heko, Profesa Muyembe

Mwaka 1976 daktari Jean-Jacques Muyembe alifika Yambuku, kaskazini mwa Kongo, akawatoa damu bila glavu wagonjwa wa ugonjwa usiojulikana. Alipochomoa sindano, tundu halikuziba; damu ilizidi kuchuruzika hadi ikamlowesha vidole. Alinawa kwa maji na sabuni, akanusurika. Ugonjwa huo ndio ulioitwa Ebola.

Hakuacha kuufuatilia. Katika mlipuko wa mji wa Kikwit, Kongo, mwaka 1995, yeye na madaktari wengine waliwaongezea wagonjwa 8 damu ya waliopona, yenye kingamwili, na 7 wakaishi. Wenzake wengi wa ughaibuni walitilia shaka, lakini kingamwili za manusura mmoja wa Kikwit ndizo zilizozaa dawa ya mAb114. Ilijaribiwa Beni na Butembo, miji ya Kongo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2020.

Ebola ya aina ya Zaire, iliyokuwa haina dawa, sasa inatibika.