Nani 'ameacha', nani 'ameachwa' katika nyimbo za kantri?

Juzi niliabiri matatu kutoka Gilgil kuelekea Nakuru. Tulipofika Kariandusi, dereva akaongeza sauti ya redio: Lucille, wimbo wa Kenny Rogers wa mwaka 1977. Mwanamume mmoja akatikisa kichwa. "Huyo mama hakuwa na utu. Unaachaje watoto wanne na mazao shambani?" Mama aliyeketi nyuma yangu akamjibu: "Na kuna mtu alimuuliza kwa nini alitoka?" Gari zima likacheka. Mimi nikaanza kuwazia sarufi.

Katika Kiswahili cha kawaida, mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ndoa ikivunjika mpangilio ni ule ule: mume 'ameacha', mke 'ameachwa'. Upekee wa Lucille ni kwamba mke ndiye mtenda. Hata hivyo, kisa chake kinasimuliwa na mwanamume aliyekutana naye kwenye baa, na huruma yetu inaelekezwa kwa mume. Kutenda amepewa, kusimulia amenyimwa.

Tazama pia Jolene (1973) wake Dolly Parton. Hapa nafsi ya kwanza ni ya mwanamke, lakini anaitumia kumsihi mwanamke mwenzake asimnyang'anye mume. Mume mwenyewe haulizwi lolote, kana kwamba ni mbuzi aliyekata kamba!

Je, kantri yote imejaa taasubi ya kiume? La hasha. Mnamo 1952, Kitty Wells aliujibu wimbo wa Hank Thompson uliomlaumu mwanamke wa baa. Hoja yake: wanaume wenye wake wanaojifanya makapera nao wana lawama. Akawa mwanamke wa kwanza, akiimba peke yake, kuongoza chati ya kantri ya Billboard. Mwaka 1975 Loretta Lynn akatoa The Pill, kuhusu mke anayejipangia uzazi. Vituo kadhaa vya redio vilikataa kuucheza. Mke kulia, sawa. Mke kuamua, hapana.

Hapa kwetu, Sir Elvis na Esther Konkara wamethibitisha kuwa Mkenya anaiweza kantri. Rai yangu kwa watunzi ni moja: tukiazima gitaa, tusiazime kilio cha mume peke yake. Tumpe Lucille wetu nafasi ya kusema 'nimeacha', kisha atueleze kwa nini.

Mama yule alishuka Lanet kabla sijamuuliza swali lake lilitoka wapi. Nashuku wimbo huo angeutunga yeye.