Sauti Kwanza

Mabati ndiyo adui wa kwanza wa anayerekodi Kisii na Nyamira. Mchana ukishageuka mawingu hujikusanya, mvua hushuka, paa likaanza kunguruma, na mtu aliye ndani hata akipaza sauti haambulii kitu. Ndiyo maana kijana niliyemfuata hadi kijiji kimoja cha Nyamira alibisha hodi kwa mzee saa mbili asubuhi. Alikuwa amekuja kumrekodi akipiga obokano, kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane, kinachovuma kwa uzito kama nyuki ndani ya mzinga.

Kamera yake, yaani simu, hakuitoa. Alisimama sebuleni akasikiliza. Saa ya ukutani ikapelekwa jikoni. Friji akaomba izimwe, na humo akatia funguo za pikipiki yake, ili asiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha tena.

"Tata, nipigie kidogo tu, nitafute mahali pa maiki."

Nilidhani ni kuitega mbele ya chombo, basi. Kumbe! Alivaa hedifoni, akaisogeza maiki shubiri moja, akasikiliza, akairudisha nusu yake. Ikikaribia sana ngozi ya obokano, mvumo unameza nyuzi. Ikienda mbali, chumba kizima kinaingia na mwangwi wake. Robo saa ilikatika hivyo, na mzee, anayejua maana ya kukaza uzi hadi ukubali, hakulalamika hata mara moja. Maiki ya pili, ndogo, ilibanwa chini ya kola, maana mpigaji ndiye mwimbaji. Kisha akamwomba apige kwa nguvu zake zote, akapunguza kipimo hadi sauti ya juu kabisa ikabaki desibeli 12 chini ya kikomo. Sauti ikishapasuka, hakuna wa kuishona.

Picha haikumchukua muda. Kigoda kiliwekwa karibu na mlango, nuru ikaangukia upande mmoja wa uso. Hapo akaona nisichokiona mimi: migomba ya nje ilikuwa ikirudisha ukijani shavuni mwa mzee. Kigoda kikasogezwa hatua mbili ndani. Akachagua fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, kwa sababu umeme wa Kenya ni hezi 50 na taa ya ndani ingepepesa kwenye video. Akapiga kofi moja mbele ya lenzi, ndiyo alama ya kuoanisha picha na sauti wakati wa kuhariri.

Mzee akaimba. Wimbo ulipokwisha, kijana alituomba tukae kimya dakika moja nzima, akarekodi kimya hicho. Kila chumba kina kimya chake, na hicho ndicho cha kuzibia mapengo.

Alikuwa na simu, hedifoni, maiki mbili na stendi, basi. Nawe unayeanza, kama pesa zako zinatosha kitu kimoja, nunua maiki kabla ya kamera. Na uwahi kabla ya mvua.