Maana ya Jazba na Matumizi Yake katika Uhakiki

Neno jazba limekuwa jepesi katika vinywa vya wahakiki. Shairi likiwa na huzuni husemwa lina jazba; likiwa na mapenzi, lina jazba; na lisipokuwa nayo huhukumiwa kuwa baridi. Yafaa tulipime neno hili kabla ya kuwapimia watunzi.

Asili yake ni Kiarabu, jadhba, kutokana na tendo la kuvuta. Katika lugha ya masufi ni mvuto wa Mungu unaomtoa mja katika nafsi yake. Kiurdu nacho hulitamka kwa z kama sisi, lakini humo maana yake ni hisia tu. Kiswahili hakikuridhika na maana hiyo. Kwetu jazba ni hisia iliyopita kiasi, iwe ya hasira au ya furaha, na ushahidi umo katika vitenzi vinavyoandamana nayo. Husemwa mtu amepandwa na jazba, kama vile apandwavyo na pepo, na wenziwe humsihi aipunguze. Hapa ndipo inapotengana na jirani zake. Hamaki ni hasira ya ghafla. Kihoro ni huzuni kubwa ya aliyefikwa na msiba. Hamasa ni ari, ambayo mtu aweza kuwa nayo na akili yake ikawa timamu.

Basi amsifuye mtunzi kwa jazba asema, pengine bila kukusudia, kwamba mtunzi alipandwa. Lakini aliyepandwa atahesabuje mizani 16 za kila mstari wa shairi na kulinda vina vyake? Tazama Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Majumba ya Pate yamekuwa magofu, na wenyewe wamo makaburini. Naye mtunzi hapigi mayowe, bali auonya moyo wake mwenyewe, ubeti baada ya ubeti. Huzuni ni kubwa mno, wala jazba haimo. Mhakiki aliyezoea kutafuta jazba ataupita utenzi huo asiuone.

Hata hivyo jazba ina mahali pake katika fasihi. Katika tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Julius Nyerere mwaka 1963, Antony ahutubia Warumi mbele ya maiti ya Caesar. Ana uchungu, lakini kila neno amelipima: wosia autaja, kisha auzuia, mpaka watu waudai kwa kelele. Wanaopandwa ni wasikilizaji, nao watokapo hapo wamvamia Cinna mshairi, kwa kuwa jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji.

Msemaji alikuwa na hisia. Umati ulikuwa na jazba. Wahakiki wakiyatenga maneno hayo mawili, mtunzi wa Al-Inkishafi atapata sifa anayostahili, ya kuitawala huzuni yake.