VIP Yenye Mlango Mmoja

Huku kwetu Kanda ya Ziwa, "kilabu" ni mahali pa pombe ya kienyeji: mabenchi ya mbao, dumu, na mtaa mzima. "Klabu" ni kitu kingine: kadi ya uanachama, mlinzi getini, makochi. Mwaka jana mjomba wangu, mwenye baa Rwamgasa mkoani Geita, aliamua naye awe na kaklabu kake. Akanipigia simu: "Mjomba, si unasomea majengo? Nichoree VIP. Wateja wangu wakubwa wanataka faragha."

Nikamchorea. Chumba kimoja nyuma ya kaunta, vioo vya tinti, kiyoyozi, mlango mmoja. Kikajengwa. Hicho ndicho ninachokihakiki hapa, maana kuhakiki chumba cha mtu mwingine ni rahisi mno.

Kosa lilianzia kwenye mifano niliyoiga. Muthaiga Club ya Nairobi, iliyofunguliwa Desemba 31, 1913, ilijengwa kwa ajili ya Wazungu wa koloni. Mwadui kule Shinyanga, baada ya John Williamson kugundua almasi mwaka 1940, ukakua mji mzima ndani ya uzio. Sehemu za namna hiyo zilijibu swali moja: nani abaki nje? Waliokuwa ndani ya klabu walishakuwa wa upande mmoja, kwa hiyo ukuta na mlinzi vilitosha.

Rwamgasa mambo ni tofauti. Unayemficha jambo ndiye unayekunywa naye. Meza moja inaweza kuwa na mwenye duara, mwenye eneo, mtu aliyekopesha hela ya chakula na matimba, na kijana anayeshuka shimoni. Wote wanasubiri mgao wa viroba vya mawe. Duara likitema, kila mmoja ana hesabu yake ya nani ajue kwanza. Sasa mwone mwenye duara ananyanyuka mbele ya baa nzima, anapita kaunta, anaingia VIP. Hajasema neno, na watu wameshajua. Chumba nilichokiita cha siri kilikuwa ubao wa matangazo.

Baada ya miezi mitatu mjomba akaniambia wakubwa wamerudi chini ya mwembe. Nilipokwenda likizo nikakaa pale, nikaelewa. Chini ya mwembe unaiona barabara. Unasalimiana na kila anayefika. Unaweza kuvuta kiti pembeni, ukaongea na mtu mmoja dakika tano, ukarudi, na hakuna aliyehesabu. Ukitaka kuondoka, unapitia upande wa chooni.

Watu wa pwani walilijua hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu, mgeni hupokelewa kwanza kwenye daka, kibaraza chenye viti vya kujengea hapo mlangoni. Njia ya kuingilia inapinda, ili mpita njia asione ndani. Kisha kuna kiwanda, ua ulio wazi juu, halafu misana, halafu ndani kabisa. Aliyekuja kwa biashara anaweza kuimaliza dakani bila kujiona amefukuzwa. Faragha ya nyumba ile ni vidato vingi vidogo, na kila mtu anaishia panapomhusu. VIP yangu ilikuwa na kidato kimoja kirefu.

Lakini nyumba zile zilikuwa za matajiri, na watumwa ndio waliotumika humo. Faragha ya mwenye nyumba haikuwa lazima iwe faragha ya kila aliyekuwamo. Na hapo ndipo mchoro wangu unaponiuma zaidi.

Nilimuuliza mhudumu mmoja, dada wa rika langu, anakionaje chumba. Akasema, "Kizuri. Ila nikiingia na bia naacha mlango wazi, wananiambia funga." Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Wateja niliwachorea viti, chupa nikazichorea rafu, yeye sikumchorea kitu. Vioo vilivyomfichia mteja macho ya baa vilimnyang'anya yeye mashahidi. Jane Jacobs aliandika mwaka 1961 kwamba usalama wa mtaa hutegemea macho ya watu walio mtaani. Nimewahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, halafu nikaenda kuchora mlango mmoja.

Tunafundishwa kumuuliza mwenye jengo anataka nini. Kwa sehemu yoyote inayouza faragha, iwe klabu ya wanachama mjini au baa ya machimboni, ningeongeza maswali mawili: nani ataonekana akiingia, na nani atashindwa kutoka?

Mchoro wa pili umeshafanyiwa kazi. Tinti imetolewa. Ukuta wa upande wa baa umeshushwa hadi kifuani, na mlango wa pili umefunguliwa kuelekea uani, karibu na jiko. Meza tatu zimehamia chini ya mwembe, zimeachana kiasi cha kutosikiana. Mjomba analalamika kwamba haifanani tena na VIP, na kweli bei ya kukaa mle imebidi ishuke.

Yule dada hajanipa maoni yoyote. Ila mara ya mwisho nilipopita nilikuta kreti ya soda imeegeshwa kwenye mlango wa pili, ili usijifunge.